Mbwa wa mwaloni kamng'ata mwanangu, nimeshachelewa?

Dada mmoja wa Kibirizi hapa Kigoma kaniandikia leo Jumatano asubuhi, nafupisha maneno yake: "Dokta, mimi naanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Jumapili jioni mwanangu wa miaka sita alikuwa anafukuza mbwa kwenye vichanja, mmoja kamrukia kamng'ata shavu la mguu, meno mawili yaliingia, damu kidogo tu. Hakuniambia, nimeona usiku namuogesha. Bibi yake kampaka mafuta ya taa na majivu, kidonda kimekauka na mtoto anacheza vizuri. Wengine wananiambia siku zimeshapita nimechelewa, wengine wanasema sindano ni ishirini na moja za tumboni bora niache. Mbwa mwenyewe bado yupo, wa kahawia, sikio moja limekatika, ila vijana wamechanga hela ya sumu wanataka kuwaua wote Ijumaa usiku. Alafu tumbili nao siku hizi wanashuka mlimani wanaingia mpaka jikoni, wao hawana kichaa cha mbwa?"

Dada yangu, hujachelewa. Soma mpaka hapa kwanza alafu weka simu chini: chukua sabuni yoyote, ya mche au ya unga, mwoshe huyo mtoto kile kidonda kwa maji yanayotiririka dakika kumi na tano, alafu panda boda nenda hospitali ya mkoa ya Maweni leo hii, sio kesho. Haya mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni.

Najua utasema kidonda kimeshakauka nioshe nini. Osha hivo hivo. Yale majivu na mafuta ya taa yatoke, kwa sababu hayaui kirusi, yanamchoma tu mtoto na kuziba kidonda juu huku uchafu ukibaki ndani. Bibi usimgombeze, katumia alichofundishwa. Kinachofanya kazi ni sabuni, na sababu yake ni rahisi, hiki kirusi cha kichaa cha mbwa kimevaa ganda la mafuta mafuta, na sabuni inakata mafuta kama inavyokata kwenye sufuria ya samaki, ganda likipasuka kirusi kimekufa. Dakika kumi na tano ni nyingi, nyingi kuliko unavyodhani, mtu akiosha anaona dakika mbili zinatosha. Weka dumu juu, toboa au legeza mfuniko maji yashuke taratibu, mtoto akae kwenye kigoda. Ingekuwa Jumapili ile ile ndo ilikuwa bora zaidi, hata kwa maji ya ziwa, ila lililopita limepita.

Sasa kwanini nasema hujachelewa. Kichaa cha mbwa hakitembei kwenye damu kama malaria. Mate ya mbwa yakiingia kwenye nyama, kirusi kinatafuta mshipa wa fahamu, kikiupata kinapanda nao pole pole kuelekea uti wa mgongo mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa watu wengi inachukua mwezi mmoja mpaka mitatu, wapo wachache inawachukua chini ya wiki, na wapo wanaopitisha hata mwaka. Kwa hiyo kuna muda wa kukiwahi njiani, ndo maana hii chanjo inachomwa baada ya kung'atwa na bado inaokoa, na imekuwa hivo tangu 1885 Louis Pasteur alipomchoma mtoto wa miaka tisa kule Ufaransa aliyekuwa ameng'atwa vibaya na mbwa, na akapona. Ila hakuna anayejua kwa mwanao safari ni ya wiki au ya miezi. Mguuni ni mbali na kichwa, hiyo ni nafuu, lakini mtoto wa miaka sita mwili wake ni mfupi, mguu na kichwa havijaachana sana. Kirusi kikishafika kwenye ubongo na dalili zikaanza, hakuna dawa. Karibu wote wanakufa. Sisemi hivi kukutisha, nasema kwa sababu huu ni ugonjwa ambao tofauti ya kupona na kufa ni nauli ya boda na siku chache, na inaniuma kila nikisikia mtu kaambiwa na jirani "ushachelewa" akarudi nyumbani kukaa. Hata ingekuwa wiki tatu zimepita ningekwambia nenda.

Na hizo sindano ishirini na moja za tumboni ni habari ya zamani. Ni kweli zilikuwepo, ilikuwa chanjo ya aina nyingine inayotengenezwa kwenye ubongo wa wanyama, wazee wetu waliochomwa hawawezi kuisahau na ndo hao waliotusimulia. Ya sasa inachomwa begani, kwa mtoto mdogo sana pajani, na ni chache. Siku utakayochomwa ya kwanza wanaiita siku ya 0, alafu unarudi siku ya 3, siku ya 7, na kutegemea wanachoma kwenye ngozi au kwenye msuli unaweza kuongezewa nyingine baadaye. Kwa hiyo ukianza leo, ya pili ni Jumamosi, ya tatu Jumatano ijayo. Andika kwenye karatasi ubandike mlangoni, maana watu wengi wanaanza vizuri, ya kwanza wanachoma, ya pili wanachoma, mtoto anaonekana mzima, dagaa wameingia wengi mwaloni, ya tatu inasahaulika. Usisahau.

Ukifika mweleze dokta kwamba meno yaliingia na damu ilitoka. Hilo ni muhimu, kwa jeraha la hivo kunatakiwa pia imunoglobulini, ni kinga ambayo iko tayari wanaichoma pale pale kuzunguka kidonda ili imlinde mtoto hizi siku za mwanzo kabla mwili wake haujajitengenezea kinga yake. Haipatikani kila hospitali, ikikosekana usikubali kurudi nyumbani mikono mitupu, chanjo ianze hivo hivo. Uliza na sindano ya pepopunda. Na gharama nazo uliza mapema, najua chanjo hii sio bei ya panadol na zahanati nyingi za mtaani hawana, nisingependa uzunguke zahanati tatu siku nzima ndo maana nimekwambia nyooka Maweni. Kama hela haitoshi ongea na ustawi wa jamii pale pale hospitali, na mwenyekiti wa mtaa aambiwe, hizo hela vijana walizochanga za sumu zingetosha kuanzia.

Ndo nakuja kwenye hilo la sumu, na hapa nakuomba dada yangu usimame na mimi kabla ya Ijumaa.

Yule mbwa wa kahawia mwenye sikio lililokatika ni shahidi wako. Mbwa mwenye kichaa anaanza kutoa kirusi kwenye mate siku chache tu kabla hajaumwa waziwazi, na akishaumwa hamalizi siku kumi, anakufa. Maana yake ni kwamba kama alikuwa na kirusi kwenye mate Jumapili ile jioni, ikifika siku ya kumi atakuwa anaumwa au ameshakufa. Jumapili mpaka Jumatano ya wiki ijayo ndo siku kumi. Akifika hiyo Jumatano anakula, anatembea, anabweka sauti yake ile ile, basi mate yake ya siku ile hayakuwa na ugonjwa, na siku hiyo hiyo mwanao anarudi kwa sindano ya tatu, mwambie dokta habari za mbwa, yeye ndo ataamua kama mnaendelea au mnasimama. Lakini usisubiri hizo siku kumi ndo uanze chanjo, chanjo inaanza leo na mbwa anaangaliwa huku inaendelea. Sasa akilishwa sumu Ijumaa, shahidi amekufa, na wewe utakaa miezi unamwangalia mtoto kila akikataa maji unashtuka. Nimeona akina mama wakiishi hivo na sitaki wewe uwe mmoja wao.

Kama anaweza kufungwa afungwe, ila sio na wewe na sio na watoto, mwite afisa mifugo wa kata, anao wajibu huo. Kama hafungiki basi mtu mmoja mzima apewe kazi ya kumwangalia kwa mbali asubuhi na jioni, anatupiwa vichwa vya samaki anaonekana anakula au hali. Akitoweka, hesabu kwamba ni mgonjwa, chanjo iendelee mpaka mwisho.

Mjue mnachoangalia. Watu wanangoja mbwa wa hadithi, povu mdomoni, anakimbia kijiji kizima. Yupo huyo, anauma kila kitu, jiwe, kijiti, gurudumu, anakuja bila kubweka na wala haogopi fimbo. Lakini yupo mwingine ambaye mimi ndo namuogopa zaidi, yule mpole. Miaka michache nyuma niliitwa nyumba moja upande wa Ujiji, mbwa wao tangu jana haleti shida kabisa, kalala chini ya mwembe, taya limelegea, mate yanadondoka kama uzi mpaka kwenye vumbi, ulimi hauingii, anayafuata maji kwenye beseni anazamisha mdomo lakini hayashuki. Baba mwenye nyumba akaniambia dokta amekwamwa na mfupa, nimeshamwingiza mkono mpaka kooni sijauona. Nikamtazama vidole, alikuwa na mchubuko wa kazi ya ujenzi kwenye kidole gumba, mbichi. Mfupa haukuwepo. Koo na taya vilikuwa vimepooza. Yule baba na kijana wake aliyekuwa amemshikia mbwa tuliondoka nao muda huo huo kwenda kuchanjwa, mbwa akafa kesho yake, wao wapo mpaka leo. Kwa hiyo mbwa, paka, mbuzi au ng'ombe akionekana kakwamwa na mfupa, usiingize mkono. Na mbuzi aliyeng'atwa na huyo mbwa naye msimchinje mkamgawana, mwiteni mtu wa mifugo.

Turudi kwenye sumu. Hapo Kibirizi dagaa wanaanikwa kwenye mchanga na kwenye vichanja vya chini, hatua tano kutoka wanapotaka kutupa hiyo nyama. Mbwa akila sumu hafi pale pale alipoila, anakimbia anatapika njiani, juu ya dagaa, karibu na maji, kunguru na mwewe wanabeba kipande wanakiangusha uani kwa mtu mwenye kuku. Watoto wa pale wanaokota kila kitu. Na tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kuwapunguza mbwa kuna utaratibu wake kupitia idara ya mifugo ya manispaa, vijana kununua sumu dukani wakamwaga usiku sio utaratibu.

Alafu hata wakifanikiwa, haiwasaidii. Mbwa wako pale kwa sababu ya chakula, matumbo ya samaki, dagaa waliomwagika, majalala. Ukiwaua kumi chakula kinabaki, miezi michache wanashuka wengine kutoka Gungu na Mwanga, na watoto wanazaliwa wanakua haraka kwa sababu wamepata nafasi, na hao wapya hakuna hata mmoja aliyechanjwa. Ndo hatari yenyewe. Kinachokata kichaa ni chanjo kwa mbwa wengi kwa wakati mmoja, asilimia 70 ya mbwa wa eneo, hapo kirusi kinakosa wa kumrukia kinaisha chenyewe. Hii sio nadharia ya watu wa mbali, angalia Pemba. Walichanja mbwa kisiwa kizima kwa awamu kuanzia 2010, ilipofika 2014 ugonjwa ukakatika. Chanjo ikalegea, 2016 ukarudi. Wakachanja tena kisiwa kizima, 2018 ukakatika tena. Hapa kwetu sio kisiwa, ni kazi kubwa zaidi, lakini njia ni hiyo hiyo. Nami kwa miaka yote niliyoshika mbwa hapa mjini nakuhakikishia wengi mnaowaita koko wana nyumba wanayolala, wana mtoto anayejua majina yao, huyo mtoto ndo anawaleta kwa kamba kwenye chanjo. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni tarehe 28 Septemba, mara nyingi kampeni zinawekwa karibu na hapo, ila msingoje Septemba, mwenyekiti wenu aandike barua manispaa mitaa ya mwaloni ipewe siku yake. Mbwa anachanjwa kila mwaka.

Kitu kingine nimekiona mwenyewe mwaloni. Mbwa wanakuwa wakali zaidi wakati wa mbalamwezi, na watu wanasema mwezi unawapandisha wazimu. Sio mwezi, ni njaa. Mbalamwezi mitumbwi haiendi kuvua dagaa, mwaloni panakuwa pakavu, mbwa wanapanda kwenye nyumba na dagaa wachache waliobaki kichanjani wanagombaniwa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi 2024 kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 nilipata simu nyingi za mbwa kuliko kawaida. Kwa hiyo siku hizo ndo za kutomwachia mtoto mdogo kazi ya kulinda dagaa. Vichanja vinyanyuliwe viwe virefu kifuani kwa mtu mzima, itawasaidia hata dagaa wenyewe wasiingiwe na mchanga, na matumbo yafukiwe yasiachwe kwenye ukingo.

Na watoto wafundishwe, wanafundishika kwa siku moja. Mbwa akikujia usikimbie, simama kama mgomba, mikono imeshuka ubavuni, usimtazame machoni, usipige kelele, akikuchoka ataondoka, urudi kinyumenyume. Akikuangusha jikunje kama kobe, ngumi nyuma ya shingo, viwiko vifunike masikio. Wafanye mazoezi hapo uani wakicheza, mwili ukumbuke wenyewe. Na mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto hasogelewi na mtu.

Haya, tumbili. Ndiyo, mnyama yeyote mwenye damu moto anayenyonyesha anaweza kupata kichaa, tumbili mmojawapo, ingawa karibu wagonjwa wote wa kibinadamu duniani wanakipata kwa mbwa. Tumbili akimng'ata au kumkwaruza mtu ni sabuni na hospitali vile vile, na ile hesabu ya siku kumi haimhusu, ni ya mbwa na paka tu, kwa hiyo usikae kumvizia tumbili mlimani. Jino lake pia ni refu na chafu, kidonda kinaoza haraka.

Wanashuka kwa sababu maembe yanaiva na sisi milima yetu tumeikata kuni na mkaa mpaka hawana wanachokula juu. Jikoni funga mlango hata ukienda msalani, ukimkuta ndani usimzibie njia, simama pembeni aone mwanga wa mlango. Usimchekee, kwake meno ni ugomvi. Usimnyang'anye alichoshika, ndizi moja haifanani na uso wa mtoto. Na usiwape hata ganda, wakizoea mkono wa mtu siku ukienda bila kitu wanakudai kwa meno, waulize wavuvi wanaopita ufukweni kwenye hifadhi ya Gombe jinsi nyani walivyozoea dagaa wao. Hao ni wanyamapori, kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kuua au kumfuga kitoto chake nyumbani ni kosa, wakizidi taarifa inapelekwa kwa mtendaji naye anawaita watu wa wanyamapori.

Na magonjwa yanaenda pande zote mbili, sisi ndo tunasahau upande wetu. 1966 sokwe wa Gombe waliugua ugonjwa wa kupooza kama polio, na mafua yetu ya kawaida yamewaua sokwe zaidi ya mara moja. Ninyi mnaopakia boti hapo Kibirizi kwenda huko, mwenye kikohozi abaki.

Nimalizie na jambo moja la mwanao. Umesema hakukuambia, umeona wewe usiku. Watoto wanaficha kwa sababu wanaogopa kuchapwa, alikuwa kapewa kazi ya kulinda dagaa na mbwa wamekula, ataanzaje kusema. Na yule mbwa Jumapili ile hakuwa na mtoto mmoja tu mbele yake. Ukirudi kutoka Maweni jioni pita kwenye vichanja vya majirani, angalia miguu na mikono ya watoto wote wanaoshinda pale, uliza nani kang'atwa au kukwaruzwa wiki hii hata bila damu, na uliza huna fimbo mkononi. Ukimpata mwingine, Kesho asubuhi naye aende.